Mipira Yote Miwili

Nilikuwa nakamua mashuka uani, Jumanne ya tarehe 4 Machi mwaka huu, binti yetu alipotoka na simu mkononi akasema daktari ameruhusu baba arudi nyumbani, na kwa sauti aliyosema nayo sikuuliza kama amepona. Familia imeniomba nisome wasifu wake mimi mwenyewe, nami nitasoma kwa mpangilio.

Marehemu mume wangu alizaliwa tarehe 17 Juni 1966, mtoto wa kwanza wa mshonaji na dereva wa lori, akafuatiwa na mdogo wake mmoja, ambaye yuko hapa mbele. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980, akasoma sekondari miaka miwili, akaingia gereji kujifunza kazi, na mwaka 1990 ndugu hawa wawili wakafungua gereji yao ya pikapu za zamani.

Jina la utani la Mzee Joto alilipata kwa mipira ya hita, kile kifaa kinachopuliza hewa ya moto ndani ya gari. Mmoja hupeleka maji ya moto kutoka kwenye injini hadi kwenye hita, mwingine huyarudisha, na hita ikivuja mafundi wengi huiruka, wakafunga mpira mmoja unaorudi palepale kwenye injini, gari likaenda vizuri na dereva akatetemeka. Yeye hakukubali kuiruka.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992, baada ya yeye kuja kutengeneza pikapu ya baba yangu, kazi ya asubuhi moja iliyomchukua wiki nzima, mpaka baba akamuuliza anatengeneza gari au anaposa. Tulijaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Mwaka 2011 mdogo wake aliiruka hita ya gari la muuza mboga bila kumwambia mwenye gari, kukawa na baridi, kioo kikajaa ukungu, gari likaingia mtaroni na yule bwana akavunjika mguu. Marehemu alimwambia mdogo wake mbele ya wateja, "Wewe si fundi, wewe kinyozi, kazi yako kukata tu." Shemeji alihamisha vifaa vyake siku hiyohiyo, akafungua gereji ng'ambo ya barabara, wakawa wanaonana kila siku bila salamu. Wanangu walimwamkia baba yao mdogo kwa kujificha, nami nilijifanya sioni.

Figo zilianza kumsumbua mwaka jana, akalazwa mara kadhaa. Jumanne ile mvua ilinyesha, na aliyekwenda kumchukua hospitalini ni shemeji, kwa pikapu yake kuukuu, kwa sababu binti yetu alimpigia bila kuniuliza. Shemeji amenisimulia kuwa marehemu alipanda, akaweka mkono kwenye tundu la hewa, ikatoka ya moto.

"Mipira yote miwili?"

"Yote miwili, kaka. Na klipu mpya."

"Basi tukifika usigeuze gari. Kuna chakula."

Alifariki Alhamisi asubuhi, tarehe 6 Machi, kitandani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuchotea maji, na mafundi wa gereji zote mbili waliofunga kazi leo.

Jumanne ile jioni nilipakua, nikahesabu vichwa kama kawaida yangu: watoto watatu, shemeji, mimi, na yeye kwenye kiti chake, hakuna aliyekosekana. Aliniona nikihesabu, akasema, "Tumetimia, mama, kaa ule."

Tulitimia, baba watoto. Lala salama.