Yohana Kinsela wa Wexford na Zuzu, 1876–1916

Ndugu wafiwa na majirani, mimi Methusela, mwana wa mzee Matonya, nimeombwa na dada yangu Raheli niwasomee habari za mume wake tunayemzika leo hapa Zuzu.

Shemeji yetu Yohana Kinsela alizaliwa tarehe 3 Februari 1876, karibu na mji wa Enniscorthy, jimbo la Wexford, nchi ya Ayalandi. Alisoma shule ya kijiji miaka michache, kisha mjomba wake akamfundisha uashi wa mawe. Mwenye ardhi alipowafukuza kwenye nyumba waliyokuwa wakiishi, Yohana alipanda meli. Alifanya kazi kwenye reli ya Mombasa, halafu akaajiriwa kwenye reli ya Wajerumani. Mwaka 1910 alifika Dodoma akijenga nguzo za madaraja.

Alipokuja kumposa Raheli, baba alimuuliza ukoo hata kabla hajakaa.

"Kinsela ni jina la baba yako?"

"Hapana, mzee, ni la ukoo mzima. Koo nyingi za kwetu hutanguliza neno, O au Mac, yaani mjukuu wa fulani au mwana wa fulani. Letu halina. Sisi ni wa kaskazini mwa Wexford. Ukiita Kinsela sokoni kule, nusu ya watu wanageuka."

"Ng'ombe mnao?"

"Wanne, kwa baba yangu."

"Basi waje."

Tulicheka mpaka naye akacheka. Ng'ombe wa mahari aliwanunua huku huku, akawaswaga mwenyewe, wakamtoroka, akafika kwetu suruali imechanika magotini. Baba alisema mtu anayehangaika hivyo atamtunza binti yake. Wakafunga ndoa Mvumi, tarehe 17 Juni 1911.

Msimamizi wake kazini alizoea kumwita Kinzel, jina la Kijerumani, naye hakuchoka kumsahihisha. Vita vilipoanza mwaka 1914, msimamizi huyo alikuja nyumbani kwao. Nilikuwapo.

"Yohana, raia wa Mwingereza wanakamatwa, na Waayalandi wamo. Nitasema wewe ni Kinzel. Wewe nyamaza tu."

Dada yangu, akiwa na mimba ya mtoto wao wa pili, Yoramu, alimsihi akubali. Shemeji alimshika mkono. "Nikinyamaza, mama Emilia, huyu mtoto atazaliwa katika ukoo wa watu nisiowajua."

Askari walipokuja aliwaambia, "Mimi ni Kinsela." Wakamchukua. Raheli alimkasirikia sana, na ameniruhusu niseme hivyo.

Katika kambi ya wafungwa alipatwa na homa na kuhara damu. Januari mwaka huu walimwachia, amebaki mifupa. Raheli alipomwona akishushwa kwenye treni, hasira yote ilimtoka. Alimnywesha uji kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko.

Siku za mwisho alimwambia baba, "Mzee, hapa hakuna Kinsela mwingine. Wanangu watamuuliza nani habari za ukoo wao?"

"Wataniuliza mimi," baba akamjibu. "Wexford, upande wa kaskazini. Nimeshika, mkwe wangu."

Alifariki jana mchana, tarehe 9 Machi 1916, kichwa chake kikiwa mapajani pa mkewe.

Ameacha mjane, Raheli, na watoto wawili, Emilia na Yoramu. Yoramu alimjua baba yake kwa majuma machache tu. Ameacha pia mama yake mzazi huko Wexford, ambaye hajui lolote, kwa kuwa vita vimefunga njia za barua. Tunaomba mumkumbuke mama huyo katika sala zenu.

Mungu amlaze Yohana mahali pa amani.