Mzee Kifusi na Vipande Arobaini na Kimoja vya Bomba

Jambo la kwanza ambalo kitindamimba wake, aliyeandika wasifu huu, aliligundua kuhusu marehemu ni kwamba hakuwahi kuvuka kizingiti na viatu vya kazi. Alivivulia uani, akakung'uta suruali, akanawa mpaka viwikoni, ndipo akakubali kusalimiwa. Watoto wakimkimbilia aliwazuia kwa kiganja: "Ngojeni kwanza. Vumbi la kazini halijaalikwa humu." Wao walidhani ni madaha.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kifusi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1958, mtoto wa tatu wa mfyatua matofali. Alianza shule ya msingi mwaka 1966 na kuimaliza mwaka 1972 akiwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa binamu yake, ambaye mpaka jana jioni alikuwa akitukumbusha. Baadaye alisomea uashi kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimuoa fundi cherehani, ambaye leo ni mjane wake. Sherehe ilipokwisha, bibi harusi alingoja garini hadi akachoka. Alipomfuata alimkuta ukumbini, suti mwilini na ufagio mkononi, akitenga chupa huku na karatasi kule. Mama husema siku hiyo alijua kwamba amekuja kuwa mke wa pili. Wa kwanza ni ufagio.

Mwaka 1987 aliajiriwa na mkandarasi ambaye wote tunamfahamu, akapewa usimamizi wa kifusi. Miaka ile mapaa ya asbesto, ambayo vumbi lake hula mapafu polepole, yalivunjwa kwa nyundo, yakiwa makavu, bila barakoa. Vibarua walikohoa wakacheka. Mkandarasi alisimama upande ule upepo unakotoka.

Mwaka 1989 lori lisilojulikana lilimwaga kifusi mtoni, na kila kampuni ikaapa si chake. Marehemu akasema, "Kifusi hakina mdomo, ndiyo maana kila mtu anakikana." Tangu siku hiyo hakuna lori lililotoka kwenye eneo lake la ujenzi bila kipande cha bomba la plastiki, urefu wa shubiri moja, ndani ya mzigo. Juu yake alichoma tarehe na namba ya lori kwa msumari wa moto, kisha akazinakili katika daftari lake. Mbao alizitenga na vyuma, misumari aliing'oa mmoja mmoja, na vipande vya zege aliviponda viwe vya kujazia njia. Vijana wa kazi walimtania kwamba anakiandikia kifusi vyeti vya kuzaliwa. Hakukasirika.

Mwezi Machi 2016 walibomoa wodi za zamani za hospitali zenye mapaa ya asbesto. Marehemu aliamuru vipande vyote viloweshwe, vifungwe kwa plastiki mara mbili na kupelekwa kwenye shimo lenye kibali. Malori arobaini na moja yalitoka, na vipande arobaini na kimoja vya bomba vikatoka nayo. Mwezi Juni dereva mmoja alikuja nyumbani, akashindwa kunywa chai, akakiri kwamba mkandarasi alikuwa amewaelekeza kumwaga mzigo wote bondeni nyuma ya shule ya msingi. Juu yake palimwagwa udongo, pakawa kiwanja cha mpira, na kibao kikasimamishwa kumshukuru mfadhili.

Marehemu alimfuata mkandarasi kazini. Mbele ya wafanyakazi wote alijibiwa, "Mzee, taka zimekupanda kichwani." Jioni ile alifukuzwa, na ikatangazwa kuwa yeye ndiye aliyeyauza mapaa yale. Kwa miaka saba aliishi akiitwa mwizi na watu waliokula mezani pake.

Kikohozi kilimshika mwaka 2022. Daktari alitazama picha ya mapafu, akamuuliza alifanya kazi gani. Marehemu alimwambia. Daktari aliandika neno moja: asbesto. Mwaka jana mkaguzi mpya wa mazingira alikubali kulisoma daftari, na Aprili mwaka huu mahakama ikaamuru kiwanja kichimbuliwe. Marehemu alicheka mpaka akakosa pumzi. "Plastiki haiozi," alimwambia mkewe. "Nitakayeoza ni mimi. Mkandarasi nimemwachia vipande vyangu." Alifariki nyumbani tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Kesho yake mkandarasi alituma shada la maua. Mama aliketi uani akalitenganisha: waya upande mmoja, plastiki upande mwingine, maua kwenye shimo la mboji. Ilibaki kadi, iliyoandikwa na kutiwa saini kwa mkono wa mkandarasi mwenyewe: "Alikuwa mfanyakazi wetu mwaminifu kupita wote." Hiyo haikutupwa. Imo ndani ya daftari, na daftari liko kwa mkaguzi.

Ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu saba, binamu mmoja asiyesahau matokeo ya mtihani, na dereva mmoja aliyekubali kutoa ushahidi.

Apumzike kwa amani, maana sehemu yake ameimaliza. Sisi tutakuwa kiwanjani Jumanne hii, tarehe 11 Juni, saa tatu asubuhi, tingatinga litakapoanza kuchimba. Mama ameagiza kiti kimoja kiwekwe kwa ajili ya mkandarasi, upande ule upepo unakokwenda.