Bi Huenda na Maiti Aliyeitwa Mgeni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu hamkuwahi kumsikia. Alikuwa mtaalamu wa vinasaba katika maabara ya uchunguzi wa jinai. Amefariki Jumanne iliyopita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Narudia: amefariki Jumanne iliyopita. Kazini walimwita Bi Huenda, na jina hilo lina kisa chake.

Kazi yake ilikuwa hii. Polisi wanaleta jino, mfupa au doa la damu la mtu asiyejulikana. Kompyuta inalinganisha vinasaba vyake na vya watu waliokwisha kupimwa, kisha inakadiria wazee wake walitokea wapi. Inakadiria. Haina macho.

Mdogo wake, fundi magari, anasema hivi: "Dada hakuwa mtu wa maneno. Ukimuuliza kama chumvi imekolea, anaonja mara mbili, anafikiri, ndipo anajibu. Chakula kimeshapoa."

Lakini siku moja alijibu upesi mno. Ghala la magodoro liliungua, na ndani akakutwa kijana aliyeteketea asitambulike. Polisi wakauliza: huyu ni mtu wa wapi? Kompyuta ikasema asilimia tisini ya asili yake ni ya ng'ambo ya mpaka. Bi Huenda akaandika hivyo, akatia sahihi. Polisi wakasoma neno moja tu: mgeni. Kijana akazikwa na manispaa, kaburini pakachomekwa kibao chenye namba.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani. Mwanawe alikuwa mpagazi kwenye ghala lile lile, na hakurudi nyumbani tangu moto ule. Kituoni akaambiwa, "Mama, yule si wa kwenu. Wako atarudi. Vijana siku hizi wanahama bila kuaga." Akaenda maabara. Akakaa kwenye benchi la ukumbini, akaondoka, akarudi tena, na tena.

Mtunza sampuli, ambaye wenzake wanamwita Mzee wa Friji, anakumbuka. "Tulimzoea kama tunavyozoea kabati. Nalisema hili kwa aibu."

Adhuhuri moja Bi Huenda alikuwa akienda kula. Akaketi kando ya mama yule.

"Mama, majibu yalishatoka."

"Yalitoka kwa nani? Mimi hamkunipima."

"Kompyuta imeonyesha asili yake ni nyingine."

"Mwanangu, wewe unamjua tangu alipokufa. Mimi namjua tangu hajazaliwa. Nipime, halafu uniambie niende nyumbani."

Akampitishia kijiti cha pamba ndani ya shavu, kuchukua mate. Chakula hakukila siku ile. Majibu yalipotoka, hayakuhitaji makadirio yoyote: walikuwa mama na mwanawe.

Kosa lilikuwa wapi? Mama yule ni mtu wa milimani, humu humu nchini, na kwenye kumbukumbu za kompyuta hapakuwa na mtu wa milimani hata mmoja. Programu ile haikuundwa kusema sijui. Ilitafuta watu wanaofanana kidogo na yule kijana kati ya wale inaowafahamu, ikampeleka kwao. Tarakimu zilikuwa sahihi. Aliyezisoma ndiye aliyesahau kuuliza ni nani hayumo.

Bi Huenda alikwenda mwenyewe kumwambia mama yule, kwenye chumba chake cha kushonea. Mzee wa Friji alikuwepo. Mama akauliza, "Na aliyeandika kwamba si wangu ni nani?"

"Ni mimi."

Mama akaondoa vitambaa kwenye kiti. "Kaa. Umechoka, na mimi nimechoka."

Kaburi lilifukuliwa. Kijana akazikwa na ndugu zake, kwa jina lake.

Tangu hapo kila ripoti ya Bi Huenda ilianza na neno huenda, na mwisho ilieleza ni watu gani hawajapimwa. Mkuu wake alikereka. "Ukiandika huenda, polisi watatufuata kwa lipi?" Akajibu, "Watufuate kwa tunachokijua."

Likizo zake zikaishia milimani, akiomba mate ya watu nyumba kwa nyumba, ili nao wawemo kwenye kumbukumbu za kompyuta. Wengine walimfungia mlango, na alikiri kwamba wana haki. Bibi mmoja akamwambia, "Mate tu? Ungekuja mwaka jana tulipogombania njia na jirani, ningekutemea bila kuombwa." Binti wa Bi Huenda anasema mama alikuwa akirudi hoi, analala na viatu miguuni. "Nilimwambia, mama, pumzika. Akasema bado kuna mabonde hajayafikia."

Hakuyafikia yote. Sampuli zake za mwisho ziko kwenye friji ya maabara na hazijapimwa. Huo ndio ukweli, na sitaupamba.

Kwa binti yake, kwa mdogo wake na kwa wenzake wa maabara, poleni sana. Mungu awape subira, naye apate mapumziko ambayo hakujipa.

Nanyi mnaonisikiliza, ukiletewa asilimia inayosema mtu fulani ni nani, uliza kwanza waliopimwa ni akina nani. Na kama umepotelewa na ndugu, usikubali kuambiwa maiti si wako kabla hujapimwa wewe. Keti kwenye benchi lao. Wakichoka kukuona, endelea kukaa.