Mzee wa Kamera Ndogo

Ndani ya feri ya Likoni, Dama alikuwa amepakata kompyuta, akihariri video ya harusi ya Shanzu. Mama mmoja asiyemjua, aliyekaa kando yake, alichungulia bila kuona haya.

"Mwanangu, mbona mzee huyu atembea akishtukashtuka, na wenzake hawana neno?"

Dama alimwamkia kwanza, kisha akaeleza. "Kamera zilikuwa mbili, mama. Kubwa hunasa picha ishirini na tano kwa sekunde, ndogo thelathini. Nikizichanganya, za ndogo zaruka. Nimejaribu kuzilinganisha tangu juzi. Sasa namkata, namtoa videoni."

"Ni nani?"

"Baba wa bibi harusi. Alisusa, akaja mwishoni, kamera kubwa imeshafungwa."

"Wamkata baba mtu kwa kuruka?"

"Watu watasema Dama hajui kazi."

"Na binti atasema babake hakuja."

Dama alirudisha video nyuma, akamtazama mzee akijongea kwa kushtuka hadi kwa bintiye, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

Feri ikagota ng'ambo. Mama akachukua kikapu chake, akamtakia kazi njema. Watu wote walishuka, Dama bado ameketi, mzee hajamkata.