Maji ya Darajani

Mpima maji wa mgodi wa makaa alipanda basi na kreti ya chupa tupu, akakaa mbele yangu karibu na mama mmoja mfugaji. Mama alizikagua zile chupa kama anayemkagua mkwe mtarajiwa.

"Mwanangu, maji yetu mnasema ni salama?" "Salama kabisa, mama. Hata lile lundo la mabaki ya mgodi tumelifunika udongo, tukapanda nyasi." "Nyasi nimeziona. Mbuzi wangu wanazipita pembeni, na mbuzi hula hata gunia." Nikakohoa kuficha kicheko. Mama akaendelea: "Maji ya kupima unachota wapi?" "Darajani, basi linaposimama." "Na bomba la mgodi linamwaga wapi?"

Akazipanga chupa zilizokwisha kupangika. "Kule chini, maji yakishapita daraja."

"Kwa hiyo unapima maji ambayo hayajakutana na mgodi." "Ndivyo nilivyoelekezwa, mama." "Sikukuuliza nani kakuelekeza."

Basi likasimama darajani. Mpima maji akashuka, akainama kufunga kamba za viatu pale njia zinapogawanyika, moja ya mtoni hapo hapo, nyingine ya kule bombani. Mama akafungua dirisha amwone vizuri. Kamba zile hazikuisha kufungwa, na dereva wetu hana subira; akaondoa basi kabla hajainuka.