Mfinyanzi wa Ilesi Aliyekataa Kukatwa Mkono

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Mama Jescah Kageha, mfinyanzi wa Ilesi, hapa Kakamega. Alizikwa Jumamosi. Tunamkumbuka kwa sababu alikataa.

Mwaka wa uhuru, Jescah akiwa msichana, uvimbe mgumu uliota kwenye kiwiko chake cha kulia. Majirani wakasema amerogwa. Yeye akaanza kuvaa gauni lisilo na mikono, hata kanisani. "Wanaotaka kuangalia, waangalie," alimwambia mamake.

Miaka kumi baadaye, uvimbe ulikuwa umezidi ngumi. Ngozi ikapasuka, ukatoka uji mweupe kama chokaa. Daktari mmoja wa hospitali ya hapa Kakamega akasema ni saratani, mkono ukatwe.

Jescah akamuuliza, "Umeiona hiyo saratani?"

"Hapana. Lakini nimeona nyingi."

"Ndani ya huu uvimbe wangu hujaona. Mkono huu ndio unafinyanganga vyungu. Sikatwi kwa kudhaniwa."

Akashuka kitandani, akatoka. Mumewe, Protus, alimsihi arudi. Hakurudi. Mwishowe Protus akakubali wapimwe kwingine, wakasafiri pamoja hadi hospitali moja Nairobi.

Huko walikuta kipimo kipya cha mifupa. Jescah alidungwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Dawa hiyo hukusanyika pale mwili unapojenga mfupa, au unaporundika chokaa. Kisha mashine ikampiga picha, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kiwiko kikang'aa. Nyonga ya kushoto nayo ikang'aa.

"Hiyo nyonga inaniumanga," Jescah akawaambia. "Nyumbani walisema ni uvivu."

Haukuwa uvivu, wasikilizaji. Wala haikuwa saratani. Kipande cha uvimbe kilipimwa, kikathibitisha hivyo. Ilikuwa chokaa, imejikusanya nje ya mfupa, kando ya viungo. Ni ugonjwa adimu. Mfupa wenyewe ulikuwa mzima. Uvimbe ukaondolewa, mkono ukabaki.

Bintiye, Navalayo, anasema: "Ule wa kiwiko ulirudi, akapasuliwa tena. Akarudi kwa udongo wake. Tukamwambia apumzike, umri umeenda. Akatuuliza uchovu wake tumeupimia wapi."

Kwa Navalayo na jamaa wote wa Ilesi, poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nawe unayenisikiliza, huenda kesho uko mbele ya daktari. Msikilize kwa heshima. Kisha muulize ameona nini. Asipokuwa na jibu, uliza tena, hata kama umeshasimama mlangoni.