Bi Subiri na Faili Aliyokataa Kuifunga

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ya watoto, muuguzi kiongozi wetu anastaafu tarehe thelathini Juni. Tunamwita Bi Subiri, kwa kuwa hajapata kumjibu daktari bila kutanguliza neno hilo. Wiki yake ya kwanza kazini alimfungia mkaguzi nje ya mlango kwa sababu watoto walikuwa wamelala. Mkaguzi alisubiri.

Miaka kumi na miwili iliyopita aliletwa binti wa miaka kumi na mmoja, mgonjwa wa kisukari, amepoteza fahamu. Ilikuwa mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Mama yake aliapa kwamba insulini haikuwahi kukosekana nyumbani. Hatukumwamini.

Siku ya nne sukari ilitulia, daktari wa zamu akaandika aruhusiwe. Bi Subiri aliikumbatia faili.

"Subiri, daktari. Sukari imetulia, mtoto hajatulia. Akirudi mara ya nne, huenda tusimuwahi."

Daktari alimfokea mbele ya watu: kitanda kinahitajika, na mambo ya akili si kazi ya muuguzi. Bi Subiri hakupandisha sauti. Aliomba saa moja tu.

Mama alibaki koridoni akilia. Daktari alizunguka mlangoni, macho kwenye saa. Ndani, kando ya Bi Subiri, binti alikunja na kukunjua shuka. Dakika zilikuwa zinakaribia kwisha aliponong'ona:

"Sindano naichoma kwenye godoro. Nikilazwa ndiyo baba anakuja."

Baba alikuwa amehama nyumbani mwaka mmoja kabla.

Bi Subiri alitoka, akamwita mshauri wa afya ya akili kutoka jengo la pili. Baba alifika amefura, tayari kumshukia mama. Aliposikia maneno ya binti yake, aliketi sakafuni. Tangu hapo alikwenda kila jioni kumsimamia binti yake akichoma sindano. Binti hakuletwa tena amezimia.

Daktari yule ni mimi ninayeandika. Nilimwomba Bi Subiri radhi koridoni, mbele ya wale wale.

Miaka mitatu iliyofuata alizunguka ofisi hadi ofisi, mpaka stoo ya mashuka ikawa chumba cha mshauri. Leo kila mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu anaonwa mwili na moyo siku moja, kwa faili moja.

Asante, dada yetu. Nenda ukapumzike, ule chakula kikiwa bado cha moto. Tunakuombea afya na furaha tele. Tutajitahidi tusikupigie simu, ingawa hatuahidi.